Floki alisimama, sisi tukafunga dirisha

  

Ndugu zangu Waislamu, leo nina jambo la kukiri kabla sijawa na jambo la kuusia. Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule ya sekondari hapa Dar es Salaam, na jioni nafundisha madrasa. Watu mtaani wananiita ustadhi. Nimepanda mimbari mara kadhaa kuhimiza swala ya jamaa, na wapo walionishika mkono baada ya swala wakasema, "Ustadhi, leo umetugusa." Sasa sikilizeni yaliyomkuta huyo ustadhi mwenyewe, usiku mmoja wa Jumamosi, nyumbani kwa dada yake Magomeni.

Nilikwenda kumjulia hali dada yangu. Sebuleni nilimkuta mpwa wangu, ambaye yuko kidato cha tatu, na kijana wa nyumba ya jirani wanayesoma naye darasa moja. Kijana huyo ni Mkristo. Walikuwa wamechomeka flashi kwenye luninga wanaangalia ile tamthilia ya Waviking. Vijana wanaziita "sizoni". Hii iliandikwa na Michael Hirst, ikaanza kuonyeshwa mwaka 2013 na kumalizika 2020. Lakini kwetu mitaani sizoni haziishi. Zinazunguka kutoka kompyuta hadi flashi, kutoka flashi hadi simu, na kila mwaka wanapatikana watazamaji wapya.

Niseme mapema ili nisije nikanukuliwa vibaya. Simshauri mtu kuitafuta tamthilia hiyo. Ndani yake mna uchafu na umwagaji damu ambao mzazi mwenye haya hawezi kuutazama pamoja na watoto wake. Hata usiku ule nilikusudia niwakemee wale vijana wazime. Lakini mpwa wangu akaniwahi, "Mjomba, subiri kidogo, hapa wanaingia kwa Waislamu." Nikaketi. Na hapo ndipo shetani aliponipata.

Fundi mashua ndani ya msikiti

Kwa msomaji asiyewafahamu, Waviking walikuwa watu wa kaskazini mwa Ulaya, kutoka nchi tunazoziita leo Norway, Denmark na Sweden. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 8 hadi karne ya 11 walikuwa wakija na mashua zao ndefu, wanaingia mitoni, wanavamia miji, wanapora mali na kuchukua watu utumwani. Walikuwa wanaabudu masanamu. Baadaye wengi wao waliingia katika Ukristo.

Sehemu tuliyoiangalia ni ya 16 katika msimu wa nne, na ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Januari 2017. Waviking wanaongozwa na Bjorn, mtoto wa Ragnar. Wamefika kusini mwa Hispania, katika mji wa Algeciras. Jina hilo ni la Kiarabu lililochakaa midomoni mwa watu, maana Waislamu waliuita al-Jazira al-Khadra, yaani Kisiwa cha Kijani. Wanavamia, wanaua, wanapora.

Katikati ya vurumai ile yumo mtu anayeitwa Floki. Ni fundi wa kuunda mashua, mpole wa sauti lakini mkali kupita wote katika kuitetea miungu yake. Katika misimu ya nyuma alimuua mtawa wa Kikristo kwa sababu ya dini tu. Basi Floki huyu anaifuata sauti ya ibada hadi ndani ya msikiti. Anakuta watu wanaswali. Wameinamisha vichwa, hawamtazami, hawakimbii. Anatembea kati ya safu zao na silaha yake huku akishangaa. Wenzake wanapoingia na panga kutaka kuchinja, Floki anawazuia wasiwaguse wale watu.

Mpwa wangu aliruka kwenye kochi. "Mjomba umeona? Umeona lakini? Makafiri wenyewe wanaiheshimu dini yetu!" Nami, Allah anisamehe, nilijisikia kifua kinapanuka.

Sasa ndugu msomaji, nirudi nyuma dakika chache, maana kisa chenyewe kiko hapo. Wakati Floki anaifuata ile sauti kwenye luninga, msikiti wa mtaani ulianza kuadhini swala ya Isha. Hauko mbali, ni kama nyumba sita hivi, na spika yake inaelekea upande ule. Sauti mbili zikagongana mle sebuleni, ya luninga na ya muadhini. Yule kijana Mkristo akachukua rimoti na kupunguza sauti ya luninga. Hakuambiwa na mtu. Alifanya kama mtu aliyezoea.

Na mimi ustadhi nikasema: "Usipunguze, tutapitwa na maneno. Funga hilo dirisha."

Kijana akaniangalia. Mpwa wangu akainuka, akafunga dirisha. Dada yangu alikuwa anatoka jikoni kwenda kutawadha. Alisimama mlangoni, akanitazama, akaendelea na safari yake bila kusema neno. Ningependa angesema neno.

Tukaangalia mpaka mwisho. Jamaa ikatupita. Niliposimama kutafuta msala, mpwa wangu akaniuliza swali la kawaida kabisa: "Mjomba, kwani yule Floki mwisho wake alisilimu?" Nikamjibu kwamba kwa ninavyofahamu tamthilia ile, hakusilimu. Akatikisa kichwa, akasema: "Basi sauti ile aliisikia bure."

Nikageuka nikalitazama lile dirisha.

Tarikh inasemaje?

Siku zilizofuata nilirudi kwenye vitabu, kwa sababu mwalimu akipigwa na jambo hukimbilia huko. Nilitaka kujua kama kweli Waviking walifika kwa Waislamu, na kama walisimama mlangoni mwa msikiti kama Floki. Walifika. Lakini hawakusimama.

Mwaka 844, sawa na mwaka 229 na 230 Hijria, katika zama za Amiri Abd al-Rahman wa Pili wa Cordoba, makumi ya merikebu zao zilipita Lisbon, zikaupanda mto Guadalquivir, ambao jina lake nalo ni la Kiarabu, al-Wadi al-Kabir. Zikaingia Seville, mji ambao Waislamu waliuita Ishbilia. Mji haukuwa na ukuta wa kuaminika. Watu waliokuwa na nguvu walikimbia. Waliobaki ni wazee na wanyonge. Mwanahistoria wa Andalusia, Ibn al-Qutiyya, amepokea kwamba wazee walioshindwa kukimbia walikusanyika katika msikiti mmoja na wakauawa humo wote. Tangu hapo msikiti ule ukaitwa Msikiti wa Mashahidi.

Msikiti mkuu wa mji, uliojengwa kama miaka 15 tu kabla yake na kadhi Ibn Adabbas, nao ulitaka kuchomwa. Waliurushia mishale ya moto kwenye paa. Haukuungua, na watu wa Ishbilia walikuwa na simulizi zao kuhusu namna Allah alivyouhifadhi.

Miaka 15 baadaye, mwaka 859, wakaja tena. Safari hii inanasibishwa na huyo huyo Bjorn anayeonyeshwa kwenye tamthilia, akiwa na mwenzake Hastein. Wakafika Algeciras. Je, unajua walifanya nini na msikiti wa Algeciras? Waliuchoma moto. Huo ndio mji ule ule, na huyo ndiye Bjorn yule yule. Kwenye luninga msikiti unaokolewa na moyo laini wa fundi mashua. Katika tarikh umekuwa majivu.

Kutoka hapo wakavuka bahari hadi Nakur, kaskazini mwa Morocco ya leo, wakaupora mji na kuchukua mateka, miongoni mwao wanawake wa nyumba ya mtawala. Amiri Muhammad wa Cordoba, mtoto wa Abd al-Rahman, ndiye aliyelipa fidia wakarudishwa. Na hapa niseme, watunzi wa tamthilia hawakulificha jambo hili moja kwa moja. Katika uvamizi ule ule wa Algeciras, Helga, mke wa Floki, anachukua binti wa Kiislamu aitwaye Tanaruz na kumfanya mwanawe kwa nguvu. Anamlisha, anamkumbatia, anamwita mwanangu. Sehemu mbili mbele, binti huyo anamchoma kisu Helga na kujiua mwenyewe. Vijana hawakurushiani kipande hicho kwenye simu. Wanarushiana cha Floki.

Kwa nini nasema haya? Si kwa ajili ya kuwachukia watu wa Norway. Wale wamepita na matendo yao. Nasema ili tuone udhaifu wetu sisi. Tumekuwa umma unaofurahia kusifiwa. Mtunzi wa filamu akitutendea wema dakika tano, tunatumiana usiku kucha kana kwamba tumepata ushindi wa Badri. Hatuulizi kama ni kweli. Na wala hatuulizi swali zito zaidi: hicho anachokisifu, tunacho?

Picha haijui fiqhi

Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi wangu waliniuliza nilipowasimulia. Mmoja akasema, "Ustadhi, wale waliobaki kwenye swala huku wanavamiwa ndio wenye imani ya kweli, au siyo?" Ni swali zuri, na ni lazima lijibiwe, maana picha ile ina mtego ndani yake.

Mtunzi alitaka kuonyesha kwamba Muislamu ni mtu wa kuinama tu hata akichinjwa. Lakini Uislamu haukutufundisha hivyo. Katika Surat an-Nisaa, aya ya 102, Allah (SW) anaweka utaratibu wa swala ya khofu. Kundi moja linaswali na Mtume (SAW), kundi jingine linasimama ulinzi na silaha zake, kisha wanapokezana. Tazama hekima hiyo. Swala haikuondolewa kwa sababu ya adui, na adui hakusahauliwa kwa sababu ya swala.

Abu Daud amepokea kisa cha walinzi wawili waliowekwa na Mtume (SAW) kulinda mlango wa bonde katika safari ya vita. Wakakubaliana mmoja alale, mwingine akeshe. Aliyekesha akasimama kuswali. Adui akampiga mshale, akauchomoa na kuendelea. Akapigwa wa pili, na wa tatu. Ndipo akarukuu na kusujudu, kisha akamwamsha mwenzake. Alikuwa na khushui, na wakati huo huo alikuwa lindoni. Mtu mmoja, mambo mawili.

Hata watu wa Andalusia walilielewa hili baada ya msiba. Waviking walishindwa vitani huko Talyata, nje ya Ishbilia, Novemba 844. Amiri hakuishia kwenye kushukuru. Alijenga ukuta wa mji. Akaanzisha pale Ishbilia karakana ya kuundia merikebu za vita, akaajiri mabaharia na kuwalipa vizuri. Karakana ya namna hiyo kwa Kiarabu huitwa dar as-sina'a, nyumba ya kuundia. Neno hilo Wazungu walilichukua, likapita Italia, likafika Uingereza likiwa "arsenal", ghala na kiwanda cha silaha. Vijana wangu darasani walicheka sana nilipowaambia kwamba hata ile klabu wanayogombana kwa ajili yake kila mwisho wa wiki inabeba jina lenye asili ya Kiarabu. Basi angalau wajue asili yake.

Na katika Surat al-Hajj, aya ya 40, Allah anatufahamisha kwamba lau si Yeye kuwakinga watu kwa watu wengine, zingebomolewa nyumba za watawa, makanisa, masinagogi na misikiti ambayo humo jina Lake hutajwa kwa wingi. Zingatia kwamba aya haikutaja misikiti peke yake. Ndiyo maana Imamu Malik amepokea katika Muwatta kwamba Sayyidna Abubakar (RA) alipotuma jeshi Sham aliliusia lisiue mwanamke, mtoto wala mzee, na liwaache watu waliojitenga kwa ajili ya ibada. Alichofanya Floki kwa kushtuka mara moja kwenye filamu, Abubakar alikifanya kuwa amri ya jeshi zima karne mbili kabla ya moto wa Algeciras. Hatumhitaji Floki atufundishe heshima ya nyumba ya ibada. Tunahitaji kukumbuka tulichofundishwa.

Waliosimama kweli

Sasa tuje kwenye kiini. Je, yule mtu aliyeingia msikitini akiwa adui akapigwa na butwaa kwa ajili ya swala ni wa kwenye luninga tu? Hapana, ndugu zangu. Yupo wa kweli, na tunaye ndani ya Sahihi Bukhari na Muslim.

Thumama bin Uthal alikuwa mkuu wa Banu Hanifa, mtu wa Yamama. Askari wa Kiislamu walimkamata wakamleta Madina. Mtume (SAW) hakumtia shimoni. Alifungwa kwenye nguzo ya msikiti. Kila siku Mtume alimpitia na kumuuliza ana lipi la kusema. Thumama alijibu kwa kiburi cha ukuu wake: ukiua, unamuua mwenye damu ya kulipiziwa, ukisamehe, unamsamehe mwenye shukrani, ukitaka mali, taja. Siku ya tatu Mtume akaamuru afunguliwe aende zake. Hakutakiwa fidia wala hakuwekewa sharti. Thumama akaenda kwenye shamba la mitende karibu na msikiti, akaoga, akarudi kwa miguu yake na kutoa shahada. Akasema kwamba hapakuwa na uso uliomchukiza duniani kuliko uso wa Mtume, na sasa hakuna anaoupenda zaidi.

Alisikia nini siku tatu zile? Hadithi haisemi kwamba alihutubiwa. Lakini alifungwa msikitini, na msikiti wa Mtume haukuwa ukipitwa na swala. Alikuwa anasikia adhana ya Bilal. Alikuwa anaona tajiri na aliyekuwa mtumwa wamegusana mabega. Alikuwa anaona namna wanavyoinuka kwenye sijda.

Jubayr bin Mut'im naye alikwenda Madina kwa ajili ya mateka wa Badri, akiwa bado mshirikina. Akamkuta Mtume (SAW) katika swala ya Magharibi anasoma Surat at-Tur. Baadaye alisimulia kwamba moyo wake ulikaribia kuruka. Alikuja kukomboa mateka, akarudi na moyo uliotekwa.

Na liko jambo ambalo naomba kila msomaji alishike. Anas (RA) amesimulia katika Bukhari kwamba Mtume (SAW) alipokuwa akiwaendea watu kwa vita hakushambulia mpaka kupambazuke. Akisikia adhana, huzuia jeshi. Asiposikia, huendelea. Umelielewa hilo? Adhana ilikuwa inasimamisha jeshi. Farasi wametandikwa, mapanga yako mikononi, na sauti ya mtu mmoja juu ya paa inawaambia: simameni hapo.

Adhana ilisimamisha jeshi la Madina. Sauti ya ibada ilimsimamisha Floki, japo ni kwa kutungwa. Adhana ilimfanya kijana Mkristo wa Magomeni anyooshe mkono kwenye rimoti. Aliyeshindwa kusimamishwa usiku ule ni ustadhi.

Tujiulize

Huenda kuna msomaji anasema, "Huyu ustadhi anajikuza, ni jamaa moja tu imempita." Lau ingekuwa ni moja! Nilipojihesabu vizuri niligundua kwamba lile dirisha nimekuwa nikilifunga kwa njia nyingi. Ninalifunga kwa simu, pale kundi la WhatsApp la walimu wa dini linapobishana kuhusu hukumu ya swala huku swala yenyewe inapita. Wengine tunalifunga kwa biashara: Kariakoo muadhini anaita na Muislamu anamwambia mteja, "Usiondoke, nakupunguzia." Wengine kwa mpira, ambao dakika zake 90 hazina dharura. Na wapo wanaolifunga wakiwa ndani ya msikiti, mwili uko safuni na akili inapiga hesabu ya kodi ya nyumba. Katika Surat al-Maun Allah anawaonya wanaoswali lakini wakaghafilika na swala zao. Onyo hilo halikuwaendea Waviking. Linatuhusu sisi tunaoswali.

Tujiulize swali la pili. Ikiwa leo jirani asiye Muislamu atapotea njia akaingia msikitini kwetu wakati wa swala, ataona nini? Ataona wale watu wa Algeciras wasiogeuza shingo? Au atakuta mtu anakimbilia rukuu kwa kishindo, simu mbili zinaimba muziki wa mapenzi, watu wawili wanabishana kwa sauti nani ana haki ya kufungua feni, na kabla imamu hajamaliza salamu ya pili nusu ya safu iko kwenye viatu? Nimeyaona haya kwa macho yangu, na mengine nimeyafanya. Mgeni wa namna hiyo hatatupa silaha yake. Ataulizia viatu vyake tu.

Na swali la tatu ni la wazazi na walimu wenzangu. Mpwa wangu aliona fahari kubwa dini yake ilipoheshimiwa na mtu wa kwenye filamu. Fahari hiyo si mbaya. Inaonyesha moyo wa kijana bado una njaa ya kuona dini yake ina uzito. Lakini mbona ilibidi aipate kwa Floki? Ni kwa sababu hajaiona kwangu. Mtoto aliyelelewa na watu wanaoacha kila kitu muadhini anapoita hahitaji Mviking amthibitishie kwamba swala ni jambo zito. Tukiwalaumu vijana kwa sizoni, tuwaulize pia nani aliyewaambia wafunge dirisha.

Turudi kidogo Ishbilia, kwa sababu kuna kumbukumbu inayouma. Ule msikiti wa Ibn Adabbas ambao mishale ya moto ya Waviking haikuuteketeza, leo haupo. Mji uliingia mikononi mwa Mfalme Ferdinand wa Tatu mwaka 1248, baada ya miaka mingi ya watawala wa Kiislamu kugombana wao kwa wao, na mahali pa msikiti ule sasa pana kanisa la El Salvador. Sebabu za kuanguka Andalusia ni nyingi na sitaki kuzifupisha kwa sentensi moja. Lakini nilipoyasoma haya nilijiambia: moto wa nje uliushindwa msikiti ule, ugomvi wa ndani ndio uliofungua mlango. Adui hakuja na mishale sebuleni kwa dada yangu. Lile dirisha lilifungwa kutoka ndani.

Yaliyofuata

Kesho yake jioni nilirudi Magomeni. Nilimwita yule kijana wa jirani mbele ya mpwa wangu, nikamwambia: "Jana wewe ulifanya jambo la adabu, mimi mtu mzima nikakukosesha. Nisamehe." Akaona haya, akaangalia chini. Akasema: "Hamna tabu, ticha. Mama ndiye alitufundisha tangu tuko wadogo. Msikiti ukiita tunapunguza redio, wakimaliza tunaongeza."

Sikuwa na la kuongeza. Mama huyo sijui kama anajua alichokipanda. Amewalea watoto wake katika heshima ya jambo ambalo si la dini yake, na wanaye yule akanifundisha mimi jambo la dini yangu. Nilimuomba anifikishie salamu na shukrani. Ujirani wa namna hii ndio tuliokulia nao, na ni amana. Tusiuharibu kwa maneno yetu wala kwa matendo yetu.

Na mpwa wangu? Sikumpa mawaidha, kwani mawaidha yangu yalikuwa yameshuka bei mle ndani. Tulikaa tu, tukazungumza habari za shule. Isha ilipoita, nilinyamaza katikati ya sentensi niliyokuwa naisema, nikajibu adhana, nikainuka. Niliposhika kitasa cha mlango nilisikia hatua nyuma yangu. Tulikwenda wote. Njiani hakuzungumza, nami sikumuuliza.

Siwezi kuwaambia kwamba tangu siku hiyo hajakosa jamaa. Amekosa, na mimi nimekosa. Lakini nina ombi dogo kwa kila Muislamu atakayesoma ukurasa huu, nami niwe wa kwanza. Muadhini akianza, tunyamaze. Hata kama huwezi kwenda msikitini saa hiyo, uko kwenye daladala au kazini, nyamaza, uijibu. Simamisha ulimi kwanza, miguu itafuata. Wenye maduka, kamilisheni na mteja aliye mbele yenu na msiite mwingine. Wenye luninga, rimoti mnayo. Na wenye madirisha, yaacheni wazi.

Tumuombe Allah (SW) atujaalie kuwa miongoni mwa wanaoisimamisha swala pamoja na vizazi vyetu, azihifadhi nyumba Zake kwa ibada na kwa ulinzi, awalipe kheri majirani zetu wema, na asitujaalie kuwa watu ambao mwito wao unawagusa wengine huku wao wenyewe hawausikii.

Wabillahi tawfiq.